Mkunga Yanagisawa na Chati ya Msimu wa Viwavi

Mkunga Hatsue Yanagisawa anastaafu tarehe 31 Machi 1984, baada ya kuitumikia zahanati yetu ya bondeni miaka thelathini na minne kamili.

Alianza kazi Aprili 1950. Alizalisha watoto 1,126, lakini wengi wanamkumbuka kwa kipimajoto. Aliwafundisha wake wa wakulima kupima joto la mwili alfajiri kabla ya kuinuka kitandani, na kulichora kwenye chati. Joto likipanda kidogo na kubaki juu siku tatu, yai limekwisha kupita na siku salama, zisizo na hatari ya mimba, zimeanza. Yeye mwenyewe, ingawa mjane, alijipima kila siku hadi hedhi yake ilipokoma. Alisema hafundishi asichokifanya.

Mama wakwe hawakumpokea vizuri. "Mimi nimezaa tisa bila kunyonya kijiti cha kioo!" alifoka mmoja wao. Mkunga akamjibu, "Ndiyo maana mkweo ameniita, mama."

Julai 1956 alikuja Tomie Kuribayashi, mama wa watoto watano. Daktari alikuwa amemwonya kwamba moyo wake hautahimili uzazi wa sita. Alikuwa na mimba ya miezi miwili.

"Mama mkunga, karatasi yako imenidanganya."

Chati ilikuwa safi, haikukosa hata siku moja. Ila Tomie aliichora mwezi Mei, akilala chumba cha viwavi wa hariri, makaa yakiwaka usiku kucha, akiamka kila mara kuwapa majani ya mforosadi. Joto lililopanda halikuwa la yai.

Mkunga aliandika barua ya kujiuzulu. Mganga mkuu aliisoma, akamrudishia. "Ukiondoka, nani atawaambia wengine?"

Februari 1957 alimsindikiza Tomie hospitali ya mjini, akakaa naye kwa muda wa saa kumi na moja hadi alipojifungua. Mama na binti walipona. Mei iliyofuata alilala siku nne katika chumba cha viwavi cha akina Kuribayashi na kujipima: 36.4 ilipanda hadi 36.9. Tangu hapo kila chati ya zahanati ina mstari mwekundu: wakati wa viwavi, homa au usingizi wa kukatika, chati isiaminiwe, tumieni mpira au mlale mbali.

Hakuficha hesabu. Mwaka 1958, kati ya wanawake 31 waliofuata kila sharti, wawili walipata mimba. Kati ya 21 waliofuata walipokumbuka, sita. Alizisoma namba zote mbili kwa kila bibi arusi, kisha akamwachia achague mwenyewe.

Chati ya Tomie imetundikwa bado chumba cha mafunzo. Tomie, ambaye sasa ana miaka sitini na mitano, ameomba kiti cha mbele kwenye hafla ya kumuaga mkunga, pamoja na binti yake.

Asante, Mkunga Yanagisawa. Tunakuombea afya na asubuhi ndefu: amka upendapo, inuka kwanza, na kipimajoto kibaki sandukuni.