Mama Brashi, Aliyeandika kwa Maji

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuazima mwalimu huyu kwa miaka sitini na saba. Marehemu, tuliyezoea kumwita Mama Brashi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga.

Alihitimu sekondari mwaka 1975, akawa karani katika ghala la vifaa vya hospitali. Masanduku yalifika yameandikwa Kichina, na roho yake haikutulia mpaka ayasome. Akajiunga na masomo ya jioni. Mtihani wa kwanza ulimwangusha. Wa pili nao ukamwangusha. Mwalimu wake, bibi wa Kichina, akampeleka uani, akampa brashi na ndoo ya maji, akamwambia aandike juu ya saruji. Jua lilipofuta neno alilolikosea, bibi yule alicheka: "Limekauka, mwanangu. Andika tena." Tangu hapo hakushikika.

Mwaka 1984 aliolewa na seremala aliyemchongea mpini wa brashi kabla hata ya kumposa. "Nilioa mke mmoja," mumewe hutania mpaka leo, "nikaletewa Uchina nzima."

Kuanzia 1988 alifundisha Kichina sekondari. Mwanafunzi aliyekata tamaa alikabidhiwa ndoo, na kosa lilipofutika darasa zima liliitikia, "Limekauka. Andika tena." Ua wa shule ulikuwa na shangwe kama uwanja wa mpira.

Mwaka 2023 kiharusi kilimnyima mkono wa kulia na sehemu kubwa ya usemi. Aliyemuuguza ni mjukuu wake, aliyekuwa ameanguka mtihani wa Kichina na kuapa kutourudia. Asubuhi moja marehemu alijaribu mkono wa kushoto. Mistari ikaenda kombo, akaitupa brashi. Mjukuu akaiokota.

"Limekauka, Bibi. Andika tena."

"Na wewe je?" akauliza kwa taabu.

"Ah, Bibi, umeninasa."

Wakaandika pamoja kila asubuhi, wakichekana.

Tarehe 17 Septemba 2024 matokeo yalitoka: mjukuu ameurudia mtihani wake na kufaulu. Marehemu aliandika jina la Kichina la binti huyo uani, kwa mkono wa kushoto, limenyooka, akawaita majirani waje upesi kabla halijakauka. Alfajiri ya tarehe 19 alifariki usingizini.

Ameacha mume, watoto wawili, na mjukuu huyo, ambaye Jumatatu anaingia chuo cha ualimu na brashi ya bibi yake mkobani.

Mola ampumzishe kwa amani. Saruji imekauka, nasi tuandike tena.