Tumbawe la Nahodha Limepauka

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi saa lina miguu mitatu na tofali. Wanaolikalia jioni humwita fundi huyo Nahodha, ingawa hajawahi kupanda hata mtumbwi, kwa sababu sebuleni kwake kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake tumbawe alilolilea tangu likiwa kama ukucha mpaka likajaa kiganja. Mtaa mzima hakuna mwingine mwenye kitu hicho, na Nahodha hakuruhusu mtu asahau. Ila jioni hiyo kahawa ilimpoa mkononi.

— Limepauka, alisema. Vidole vyake vyote vimejikunja. Likifa hili, nimebaki na sanduku la maji.

— Tatizo ni pampu ya tangi, alisema Gia, fundi wa magari. Ilete niifungue.

— Wewe kufungua hujambo! Pikipiki ya binamu yangu mpaka leo iko kwenye gunia, alidakia Dokta, muuza dawa za mende. Sikiliza, Nahodha. Hilo lina mawazo. Linaona samaki wanatembea, lenyewe limekaa tu.

— Tumbawe na mawazo wapi na wapi? aliuliza Gia.

— Si mnyama lile? Lina mdomo, lina tumbo!

— Basi limemchoka mwenyewe. Kila mgeni akija, linaonyeshwa kama bibi harusi!

Hapo Nahodha aliguswa pabaya.

— Msinifundishe kulea! Maji yakipungua kidogo tu, jioni hiyohiyo nakoroga mengine ya chumvi, napima, najaza mpaka kwenye alama. Sijaruka hata siku moja.

Mkewe alikuwa amefika, kikapu mkononi, akitaka ufunguo wa nyumba.

— Shemeji, karibu kahawa, alisema Dokta.

— Asante, shemeji, nina haraka. Baba, hayo maji yanayopungua huwa yanakwenda wapi?

— Yanakauka. Joto la taa ya tangi.

— Na chumvi yake?

Gia alilitazama tofali. Dokta alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Nahodha alikumbuka mchuzi uliosahaulika jikoni: maji yameondoka, chumvi yote imebaki chini. Na yeye kila jioni anaongeza nyingine!

Akaweka kikombe, akampokea mkewe kikapu, jambo ambalo benchi halikuwahi kuliona.

— Nyie endeleeni kubuni. Mimi kwangu nina mtaalamu.

— Mtaalamu anataka ufunguo, alisema mkewe.