Mathe Malachie, Mwenye Kushuka na Gari Mpaka Beni

Bandugu, badada, bapasta, majirani ba Bulengera, mimi ni Berthe, yaya wa marehemu, ni kusema dada yake mukubwa, mimi mwenye nilimubeba mugongoni, na ninasoma hii karatasi juu familia imeniomba, hata kama macho haitaki.

Mudogo wetu Mathe Malachie alizaliwa Masereka, tarehe 12 mwezi wa tatu 1961, kwa baba Salomon Kasonia na mama Emérence, balimaji ba biazi, alisoma shule ya musingi Kipese kuanzia 1967 mpaka 1973, akaanza sekondari, lakini baba alipokufa mu 1975 akaacha masomo, akakuja Butembo kujifunza mekanike.

Mu 1984 alifungua garaji yake hapa Bulengera, na hapo njo batu balimujua kwa jambo moja, ralenti, ni kusema ile namna motere, injini ya gari, inazunguka polepole wakati shofere ametosha muguu, ameuinua, kwa accélérateur, ile pedali ya kuongeza mwendo. Gari ya zamani ikikuwa inatetemeka, mara inapanda, mara inashuka, mara puu, imezima, balikuwa banamuletea yeye. Hakukimbilia kugeuza vis, ile skurubu, kwanza alikuwa anafungua carburateur, kwenye mafuta inachanganyika na hewa, anapuliza katundu ka kupitisha essence, ile mafuta, kwa kinywa, hapana kwa waya, juu waya inakapanua, kisha anatia matone ya essence pembeni ya joint yenye inaziba kati ya byuma, motere ikibadilisha sauti anajua hewa inaingilia pale, anakata joint ingine mu carton, na mwisho kabisa njo anashika tournevis, bisibisi yake, anafunga macho, anasikiliza. Chakula yake ilipoa, jamani, kila siku! Hata mu kanisa, pasta anahubiri, gari ikipita inje, Malachie anageuza kichwa.

Alimuoa Kavugho Tamar tarehe 9 mwezi wa nane 1986, na siku ile gari ya harusi ilianza kukohoa mbele ya kanisa, bwana-arusi akafungua capot, kifuniko ya motere, akiwa na shemizi yake nyeupe, bibi-arusi akamungojea, tulicheka mpaka machozi. Mungu alibapatia batoto batatu, Shekinah, Gamaliel na Abigaïl, bako hapa mbele yenu.

Vita ilipokuja mu 1996, gari nzuri zilibebwa na benye silaha, tukabakia na za zamani, na ralenti ikakuwa jambo ya kufa na kupona, juu kwa barrière, pale njia inafungwa na muti, ukikanyaga accélérateur, basoda, maaskari, banasema unataka kukimbia, banapiga masasi ya bunduki, na ukitosha muguu, motere ikizima, banashusha batu bote, banabeba bintu, banabeba na babinti. Na bashofere betu balikuwa na kosa moja, banatengenezesha ralenti huku Butembo, kwenye kuko juu na baridi, banafikiri imeisha, kumbe bakishuka Beni kwenye joto, hewa inakuwa ingine, motere inaanza kufa palepale kwa barrière. Kwa hiyo Malachie alikuwa anapanda mu gari mwenyewe, anashuka nayo, anarekebisha tena mu njia. Kavugho alimulilia mara mingi aache, lakini yeye alijibu tu kwamba gari yenye ametengeneza haiwezi kuuwa batu.

Siku ya tano, Ijumaa, tarehe 9 mwezi huu wa kumi na moja 2001, mimi na bamama ba kwaya tulikuwa tunarudi Beni mu kamioneti ya kanisa, pamoja na Shekinah mwenye alikuwa anaenda kusoma kule, miaka yake kumi na ine. Karibu na barrière motere ikaanza kushuka, Malachie, mwenye alikuwa amepanda na sisi kama desturi yake, akaomba shofere Ananie asimame, akafungua capot, akaingiza kichwa ndani. Basoda balikuja kwa miguu, balimupigia kelele ainue mikono, na sisi tukapiga kelele, Malachie, Malachie, lakini sikio yake ilikuwa mu motere, hakusikia, bakamupiga masasi. Uwi, mudogo wangu! Alianguka, na motere ikaendelea kuzunguka, bila kutetemeka. Tulimulaza mu gari kati yetu, Shekinah tukamufunika na bikwembe, nguo zetu za kujifunga, basoda basimuone, na pale kwa barrière Ananie akatosha muguu, basoda bakazunguka gari, bakatuangalia moja moja, motere haikuzima, bakainua muti, tukapita.

Alifikishwa hospitali ya Beni, alipasuliwa, hakuamuka hata mara moja, na siku ya yenga, Jumapili, tarehe 11, saa kumi ya mangaribi, alituacha, na miaka makumi ine. Pasta atanisamehe, lakini mimi sitasema ni mapenzi ya Mungu, ni masasi ya mutu, na roho yangu inaniuma sana.

Familia inashukuru badaktari na bauguzi ba Beni benye hawakulala usingizi kwa ajili yake, shofere Ananie, mafundi benzake benye balipandisha maiti mpaka hapa, na ninyi majirani benye mumelia pamoja na Kavugho.

Malachie, ulienda bila kujua, basi ninakuambia mbele ya batu bote, mutoto wako Shekinah alifika salama. Pumzika, mudogo wangu.