Nondo za Ghorofa la Kaka: Historia ya Marehemu Jairo Halinga

Ndugu waombolezaji, wachungaji wetu, majirani wa Nanyala na wageni mliotoka Tunduma na Chitete, familia inawaomba utulivu ili isomwe historia fupi ya mpendwa wetu, ingawa yeye mwenyewe angeuliza kwanza fupi kwa kipimo gani.

Marehemu Jairo Halinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Nanyala, wilaya ya Mbozi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Yotamu Halinga na marehemu mama Enesi. Mtoto wa kwanza ni mzee Ipyana, aliyeketi hapa mbele karibu na jeneza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na alipofaulu kwenda sekondari nyumba haikuwa na uwezo wa kusomesha wawili, hivyo kaka yake Ipyana akaacha masomo kwa hiari yake, akabaki na baba kwenye kahawa ili mdogo wake aendelee, jambo ambalo Jairo alilisema mbele ya watu kila alipopata nafasi. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1977, na mwaka 1982 akahitimu masomo ya upimaji ardhi Morogoro, akarudi nyumbani na sanduku la mbao na madaftari yaliyojaa hesabu.

Aliajiriwa mwaka 1983 kama mpima ardhi msaidizi, na mwaka 1986 akahamishiwa Tunduma, wakati biashara ilipofunguliwa na mji ukaanza kufura, maduka yakipanda juu ya maduka na kila mwenye roli mbili akitaka ghorofa. Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na Loisi, nao wakajaliwa watoto watatu, Recho mwaka 1989, Brayan mwaka 1992 na Tumpe mwaka 1996, ambao wote walijua kusoma tepu kabla ya kusoma saa.

Kuanzia mwaka 2008 alipewa kazi aliyoipenda kuliko zote, ya kupima urefu wa majengo yaliyozunguka kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, kile kinachotumiwa na ndege za madaktari, ili pasiwepo nyumba inayoingia kwenye njia ya ndege inaposhuka. Alitueleza mpaka tukachoka, kwamba kwa kila mita arobaini kutoka mwisho wa kiwanja nyumba inaruhusiwa kupanda mita moja tu. Waliomletea maneno ya pembeni waliondoka nayo kama walivyokuja.

Mwezi Julai 2011 alipima nyumba ya wageni ambayo mzee Ipyana aliijenga huko kwa fedha za kahawa, iliyo mita mia nne na themanini kutoka kiwanjani, akakuta sakafu ya juu kabisa, ndiyo paa lake, iko mita kumi na moja na nusu, chini ya zile kumi na mbili zinazoruhusiwa, akaipitisha kwa furaha. Lakini kwetu huku nyumba haimaliziki, mwenye nyumba huacha nondo zimesimama juu akisubiri ghorofa nyingine, na Jairo, mtoto wa huku huku, alikuwa amezizoea nondo hizo hata macho yake hayakuzihesabu. Wiki tatu baadaye, akiwa mwisho wa kiwanja na darubini yake ya miguu mitatu, aliona mashuka meupe yanapepea juu ya mstari ambao kitu hakikupaswa kuuvuka, kwa maana wahudumu walikuwa wameanika nguo kwenye nondo za kaka yake. Alipanda, akapima, zikafika mita kumi na tatu.

Hakuna mtu mwingine aliyejua, naye angeweza kunyamaza, lakini jioni ile aliandika barua kwa mkubwa wake kwamba kosa ni lake, akapewa onyo, na nondo zikaamriwa kukatwa. Mzee Ipyana alimwambia mbele ya mafundi, "Nimechuma kahawa ukasoma, leo unakuja kunikatia nyumba?" Jairo akajibu, "Kaka, rubani hajui kwamba ni nyumba yako." Wakakaa mwaka mmoja na nusu bila kusalimiana, na jambo hilo lilimuuma Jairo kuliko ugonjwa wowote.

Tarehe 6 Februari 2013 ndege ya madaktari ilishuka kwenye mvua kumchukua mama mjamzito, mzee Ipyana akiwa juu ya paa anaziba panapovuja, ikampita karibu sana juu ya kichwa, pale pale nondo zilipokuwa zimesimama. Saa ile ile alikwenda kwa mguu hadi kwa mdogo wake, akiwa bado ameloa, akasema, "Nimeinama, Jairo, juu ya nyumba yangu mwenyewe nimeinama." Shemeji yake Loisi akawapikia chai.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Septemba 2014, akatibiwa Mbeya, na akafariki nyumbani tarehe 9 Juni 2015, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa kaka yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika siku tatu hizi, na wafanyakazi wenzake waliobeba darubini yake mpaka hapa.

Mwisho, mzee Ipyana ameomba isomwe kwamba zile nondo zilizokatwa alizificha stoo miaka minne, akitumaini siku moja kuziunga tena. Jana amezitoa zote, mafundi wamezilaza ndani ya zege la kaburi hili, na yeye mwenyewe amepima kwa tepu ya mdogo wake kuhakikisha hakuna hata moja iliyochomoza.

Jairo, kazi yako imekaguliwa na imepita. Pumzika kwa amani.