Turubai Jekundu la Uwesu

Wasikilizaji wapendwa, Uwesu Shaban wa Nkowe hatunaye. Alikuwa mchoraji. Narudia, mchoraji, maana wengi wetu tulimwita mharibifu wa maturubai.

Uwesu alichora rangi tupu. Hakuchora twiga, wala mlima, wala sura ya mtu. Alichukua maturubai chakavu ya kuanikia korosho, akayapaka udongo mwekundu, masizi na chokaa. Watu wakamcheka. "Kiko wapi kitu hapo?"

Kicheko alishakizoea. Aliyetaka aone ni mmoja tu, dada yake Hafidha, aliyemlea. Miaka minane alimuuliza swali lilelile mbele ya turubai lilelile. Lilikuwa jekundu lote, upana wa chumba, na mstari mwembamba mweupe pembeni.

"Dada, unaona nini?"

"Naona turubai langu limeharibika. Korosho nianike kichwani kwako?"

"Usitafute kitu, dada. Tafuta siku."

Hafidha alisonya, akaenda zake shamba.

Mwezi uliopita homa ikamchukua Uwesu. Msiba ulijaa, mikeka haikutosha. Isihaka, mume wa Hafidha, akalitandika lile turubai uani, rangi chini, watu wakalikalia siku tatu. Ndiyo, wasikilizaji, tulilikalia. Nami nilikuwepo.

Siku ya kuanua tanga, Hafidha aliligeuza. Mstari mweupe haukuwepo. Ulibanduka, ukabaki mchangani, ukafagiwa pamoja na punje za wali. Akalitazama lile jekundu tupu, akapiga ukelele, "Mama hayupo!"

Anasimulia mwenyewe: "Ni siku ile tulipokaa na mama barabarani, tukisubiri gari la kwenda hospitali. Asubuhi mpaka alasiri, vumbi tupu. Ule weupe ulikuwa shuka lake. Wekundu ni mwingi kwa sababu tulisubiri mno. Gari halikuja, mama akatufia palepale. Jamani, mimi nilikuwepo! Uwesu nilikuwa nimemshika mkono. Mbona sikuona?"

Tunakupa pole, dada Hafidha. Pole, shemeji Isihaka, na ukoo mzima wa mzee Shaban. Mungu amrehemu Uwesu. Nawe unayenisikiliza, nyumbani kwako huenda yupo anayekuomba utazame kitu leo. Kitazame, hata kama huelewi. Ukimsonya, kesho utaelewa peke yako.

Hafidha amelitundika turubai sebuleni. Kila mgeni anayeingia, yeye humuuliza, "Unaona nini?"

Juzi jirani alilitazama kidogo, akamjibu, "Turubai bovu."