Dada Aliyekuwa Akitupumzisha

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Sindano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa alimokuwa akishona baba. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mdogo wake wa kiume, anayesoma wasifu huu, na ambaye angeshukuru sana kama kazi hii angepewa mtu mwingine.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1985. Jioni alikuwa akikagua madaftari ya mdogo wake, aliyeshindikana kwa tabia ya kuandika "sita kula", maneno mawili. "Haya, sita wale," dada alimtania. "Na wewe wa saba je, utalala na njaa?" Kisha humpakulia.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, aliyeleta cherehani ya mama yake itengenezwe mara nne, ingawa haikuwa na kasoro yoyote. Walijaliwa mabinti wawili.

Alitengeneza cherehani kwa miaka thelathini na moja, meza yake ikiwa dirishani, makopo ya skrubu yamepangwa kwa ukubwa. Mwaka 2014 alianzisha kundi la mafundi cherehani mtandaoni, likafikia wanachama elfu tatu. Mafundi wana midomo. Wakianza kubishana mafuta gani yanafaa mashine, kabla ya adhuhuri wameshatukaniana mama. Dada hakumgombeza mtu mbele za watu. Aliandika tu, "Fundi fulani apumzike hadi kesho," akamfungia asiandike kwa siku moja, halafu akampigia simu: "Umekula lakini? Nani kakuudhi leo?" Wengi walirudi wapole.

Mei mwaka jana alimpumzisha mdogo wake, naye akiwa kundini, kwa kumwita mshonaji mmoja kihiyo, yaani asiyejua kazi. Mdogo mtu akapandwa na mori. Simu ya dada hakuipokea, si siku hiyo wala baadaye. Alirudi kundini kwa jina la Bisibisi, na kwa miezi minane akamwandama dada yake, akimwita dikteta, akichokoza kila mjadala. Dada alipoaga kwamba anaumwa, Bisibisi aliandika: "Anatafuta huruma huyo. Sita nyamaza." Alijua anaumwa, ila alidhani ni ugonjwa wa kupita. Hilo halimsafishi.

Zilikuwa figo. Dada alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 21 Januari 2025, saa nne asubuhi.

Alhamisi mdogo wake alifungua simu ya marehemu ili awape mafundi taarifa ya msiba. Akakuta wasaidizi wa kundi walikuwa wameuliza, "Mama, huyu Bisibisi tumtoe jumla?" Dada alijibu akiwa kitandani, wiki mbili kabla: "Msimtoe. Ni mdogo wangu, mpaka leo hajui kuunganisha 'sita'. Apumzike hadi kesho. Hasira zikiisha atakuja kuniona."

Hakwenda.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, mafundi elfu tatu, na Bisibisi, aliyesimama mbele yenu. Leo asubuhi ameandika kundini kwa jina lake halisi: "Dada, nisamehe. Sitabisha tena." Amelikagua mara mbili, ni neno moja.

Dada alitupumzisha sote. Sasa ni zamu yake. Apumzike kwa amani.