Siku Niliyosema Hatuwezi

Ilianza Jumatatu, saa kumi na robo alasiri. Assalaam aleikum ndugu zangu, na sifa zote zimrudie Yeye aliyenipa mdomo, kisha akanifundisha kuutumia! Mimi ni Nasra, mjukuu wa Bi Zuwena, yule msichana anayekaa karibu na mlango katika darsa yetu ya Alkhamisi hapa Ghubra, Omani, ambaye wengi wenu hamjapata kumsikia sauti. Ustadha ameniomba nieleze yaliyonifika. Nimeyaandika kwanza, kwa sababu nimezoea kuandika shajara tangu darasa la sita, lakini nitayasoma mwenyewe. Sauti ikitetemeka, mnivumilie.

Kwanza mjue nilivyokuwa. Simu ikilia nyumbani, nilikuwa naiangalia mpaka inyamaze. Dukani nilikuwa nanyoosha kidole. Binamu zangu walinipa jina la Bi Kimya, na mmoja wao alikuwa akisema ukitoka na Nasra uchukue na mkalimani. Skuli ndiko kulikozidi. Asubuhi mwalimu anaita majina na kila mmoja anaitikia "mawjuda", yaani nipo. Mimi nilikuwa nanyanyua mkono tu, tena nusu. Mwaka huu zaidi ya mara moja nimeandikwa sipo, na mimi nimekaa pale pale, mstari wa tatu! Mama akapigiwa simu kuulizwa mtoto yuko wapi.

Watu wazima walinisifu. Walisema mtoto ana haya. Ndugu zangu, haikuwa haya. Haya ni kitu kizuri, na Mungu huipenda. Mimi nilikuwa na khofu, nayo ilivaa nguo za haya, na kwa kuwa nguo zilikuwa nzuri hakuna aliyeniuliza ndani yake kuna nini.

Sasa nirudi kwenye ile Jumatatu. Marehemu Babu alipostaafu alinunua wiki. Naeleza kwa wasiojua: kuna jengo la fleti pale ufukweni, na kila fleti ina wenyewe wengi, kila mmoja ana wiki yake katika mwaka. Ya kwetu ni ghorofa ya nne, vyumba viwili, roshani inatazama bahari, na wiki yetu inaangukia likizo ya wakati wa baridi. Sisi tunaiita wiki ya Babu. Shangazi Rahma anakuja kutoka Unguja, Ami Khalfan anakuja na wanawe, na sisi, tunalala mpaka jikoni. Bibi ndiye wa kwanza kuamka. Anafungua mlango wa roshani kabla ya alfajiri, anakaa na kahawa yake, na ole wako umsemeshe.

Lakini si bahari tu. Babu alipofariki nyumba yake iliuzwa ikagawanywa, na hapo Baba na Ami Khalfan wakakosana. Maneno yalisemwa. Ami anakaa Khuwair ya Kusini, karibu tu na hapa, lakini miaka yote hii hakukanyaga kwetu. Siku ya Idi alikuwa anasimamisha gari nje, anampigia Bibi simu, na Bibi anatoka na buibui lake kwenda kupewa mkono wa Idi dirishani. Wakikutana, ni katika wiki ya Babu. Fleti ni ndogo, sinia ni moja, hakuna pa kukimbilia. Ile wiki ndiyo nyumba ya Babu iliyobakia.

Basi Jumatatu Bibi alikuwa anachagua mchele, simu yake ikaingia ujumbe, akanipa nimsomee kwa sababu macho yake yana mtoto wa jicho. Ulitoka kwa kampuni inayosimamia jengo. Nikasoma kwamba chuma kilichomo ndani ya zege upande wa bahari kimeliwa na kutu, roshani zote zitavunjwa na kujengwa upya, na kila mwenye wiki atachangia. Asiyelipa ndani ya muda, wiki yake itachukuliwa. Mkutano ni Jumamosi alasiri. Halafu ikaja hesabu yenyewe. Sitaitaja. Niseme tu kwamba Bibi hana pesa hizo, na hajawahi kuwa nazo kwa pamoja.

"Soma tena," akasema Bibi.

Nikasoma tena. Akaendelea na mchele wake, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. Kisha akaniambia nisimwambie mtu, hata Baba. Nikamuuliza watu watakapouliza habari ya likizo atawaambia nini.

"Ntawaambia nimechoka na bahari," akasema.

Bibi yangu! Aliyevuka bahari kuja huku akiwa na mtoto mgongoni, achoke na bahari! Nilijua sababu, naye hakunificha. Alisema akiwaomba wanawe pesa, huyu atasema mwenzake ndiye aliyepata zaidi kwenye nyumba, na yule atajibu, na yote yataanza upya. Bora wiki iende kuliko kuzisikia tena zile kelele.

Ndugu zangu, juma lile sikula vizuri. Sisi watu wetu tunapenda sitara. Mtu ana shida, anaifunika, anavaa vizuri, anapika halua kwa ajili ya wageni. Na mimi nilikuwa bingwa wa kunyamaza, kwa hivyo siri ilikuwa imepata mahali pake. Nikamuomba Mungu amletee Bibi mtu wa kumsemea. Niliomba kila sala, na kwa yakini kabisa, mtu yeyote, wakili, jirani, yeyote. Wala haikunipitia akilini kwamba mtu mwenyewe ndiye anayeomba.

Jumamosi Bibi akamwambia Mama tunakwenda kupunga upepo wa bahari. Na kweli tulikwenda kupunga upepo, ila ulikuwa wa kiyoyozi. Tulichukua teksi, tukaingia ukumbi wa chini wa lile jengo, tukakaa safu ya katikati. Watu walikuwa wengi. Waomani wenye dishdasha, zile kanzu zao, zilizopigwa pasi, wanawake wa Kihindi na waume zao, Wazungu wachache. Hakuna aliyekuwa na sura ya shida. Nikasema moyoni, hawa wote wanazo, ni sisi tu.

Msimamizi alikuwa kijana, akichanganya Kiingereza na Kiarabu kwa haraka. Bibi akaniinamia sikioni, akasema viatu vyake vinang'ara kuliko jengo lenyewe. Yule kijana akatuonyesha picha ukutani: roshani zimepasuka, vyuma vimetoka nje kama miba ya samaki aliyeliwa. Na picha zilikuwa za kweli, sitasema uongo. Jengo linaumwa. Alieleza muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo nadhani nitayakumbuka mpaka uzeeni.

"Mwenye pingamizi anyanyue mkono aseme. Atakayenyamaza tutamhesabu amekubali."

Ilikuwa kama ameniita kwa jina langu. Maisha yangu yote nilikuwa nahesabiwa hivyo! Nimenyamaza, basi nimekubali. Nimenyamaza, basi sipo.

Hakuna mkono ulionyanyuliwa. Mwanamke wa Kihindi mbele yetu akaanza kupanga vitu ndani ya mkoba wake, ambavyo vilikuwa vimepangika. Mzee mmoja nyuma alikuwa anatazama dari. Kijana akasubiri kidogo, akashika kalamu. Bibi akaniuliza kasema nini. Nikamwambia kwa kunong'ona.

"Mwambie hatuwezi," akasema. "Na wiki hatuiachi."

Nikamwomba aseme yeye, Kiarabu anakijua.

"Nikisema mimi atanijibu kwa Kiingereza, na mie sitajua nimeshindwa wapi. Simama, mwanangu."

Magoti yangu yalikataa. Nikaisoma ile dua ya kuomba ulimi ufunguliwe, niliyofundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, ambayo nilikuwa nikiisoma kila siku ya mtihani na kila mara ulimi ukabaki vile vile. Safari hii nilipoimaliza nilikuta nimesimama. Sikumbuki kunyanyuka. Ndugu zangu, sikumbuki! Nakumbuka tu kwamba watu wote walikuwa wamegeuka, na kwamba nilisema jambo, na kijana akasema kwa upole niseme kwa sauti, binti, hasikii.

Ilibidi niseme mara ya pili. Mara ya kwanza Mungu alinisimamisha. Ya pili aliniacha nisimame.

"Bibi yangu hawezi kulipa," nikasema kwa Kiarabu. "Na hatuiachi wiki yake. Naomba muandike kwamba tumesema."

Kijana akatabasamu. Akauliza kama kuna mwengine au ni bibi peke yake. Na mimi nikaona tumekwisha, maana nilikuwa na uhakika ni sisi peke yetu.

Ndipo ikatoka sauti nyuma, na haikuwa ya Kiarabu wala Kiingereza. Ilikuwa Kiswahili cha Unguja kabisa, cha yule mzee wa kutazama dari.

"Na mie siwezi, mwanangu. Nilikuwa naona haya."

Bibi akageuka mwili mzima. "Kumbe wetu huyu," akasema. "Na weye mzee mzima umengoja mtoto akutangulie?"

"Nimengoja, bibi. Ningengoja mpaka kesho."

Wachache walioelewa Kiswahili wakacheka, halafu mzee akasimama akayarudia kwa Kiarabu ili wote wasikie. Yule mwanamke wa Kihindi akafunga mkoba wake, akanyanyua mkono. Akasema hata wao hawawezi, na akauliza kwa nini roshani zote zivunjwe kwa pamoja, na ni nani aliyezikagua, na kwa nini ni mkaguzi mmoja tu. Mkono mwengine. Mwengine tena. Kulikuwa na mtu ana dishdasha nzuri kuliko zote mle ndani, naye alisema hawezi, na alipokaa alipumua kama aliyetua mzigo. Sote tulikuwa tumekuja na jambo moja, kila mmoja amelificha kwa mwenziwe!

Kijana akaweka kalamu chini. Kabla ya magharibi ilikubaliwa hakuna wiki itakayochukuliwa, wenye wiki watachagua kamati yao, na ataletwa mhandisi mwengine.

Ndani ya teksi nilitetemeka mpaka dereva akapunguza ubaridi. Tulipokaribia nyumbani Bibi akanitaka nimpe simu yake. Akasema kama mimi nimesema mbele ya watu wale, yeye ashindwe kusema na wanawe aliowazaa? Akampigia Ami Khalfan, kisha Baba, maneno yale yale kwa wote wawili.

"Nna jambo la kukuombeni, na nna aibu ya kuliomba. Njoo baada ya isha, kabla aibu haijanishinda."

Ami Khalfan alikuja. Hakubaki kwenye gari. Baba ndiye aliyefungua mlango, wakatazamana, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia la ukumbini nimeshika sahani ya vileja. Nilingoja yale maneno ya zamani yaanze.

"Ingia," Baba akasema. "Chai inapoa."

Ndivyo alivyoingia. Walizungumza na Bibi, na hakuna aliyeitaja nyumba ya Babu. Ami aliuliza kwa nini mama yao amebeba jambo hili peke yake, na Baba akasema hata yeye anataka kujua, na ikawa mara yao ya kwanza baada ya muda mrefu kuwa upande mmoja, hata kama ni upande wa kumgombeza Bibi. Bibi aligombezwa, na alikuwa anakula vileja vyake kwa furaha.

Yaliyofuata ni mepesi kusimulia. Mhandisi wa pili alisema baadhi ya roshani ni za hatari na zianze hizo, nyengine zinaweza kungoja, na mchango ukagawanywa vipande vya miaka. Bado ni mzito. Baba, Ami na Shangazi Rahma wanaubeba pamoja. Roshani yetu ni moja katika zilizofungwa, kwa hivyo msimu huu Bibi atakunywa kahawa yake nyuma ya kioo. Anasema kahawa haijui tofauti.

Basi ndugu zangu, na nyinyi mnaokaa karibu na milango: ikiwa kuna jambo limekukaa kooni, mwambie Mungu, kisha usishangae akikujibu kwa kukunyanyua wewe. Mimi niliomba amletee Bibi mtu, akanileta mimi. Mtegemeeni! Hakungoja niwe hodari. Alinichukua hivi hivi, na magoti yangu haya, na ninamshukuru mbele yenu kwa sauti ambayo sasa mmeisikia mpaka mwisho wa karatasi.

Asubuhi iliyofuata ule mkutano ilikuwa Jumapili, ambayo huku ni siku ya skuli. Nilivaa sare, nikakaa mstari wa tatu kama kawaida. Mwalimu akafungua daftari akaanza kuita. Jina langu linakuja baada ya Muna. Alipoliita hakunyanyua hata kichwa, kalamu yake ilikuwa imeshaanza kwenda.

"Mawjuda," nikasema.

Kalamu ikasimama. Akanitafuta kwa macho darasa zima, akanipata, akaniandika.